UFUNGUO HAUPEWI MGENI
Somo juu ya ulinzi wa simu na kompyuta, kwa finalisti na kwa ndugu zao walio univerisite



Somo letu la leo ni juu ya wevi wanaopita katika intaneti na katika simu, na namna ya kujilinda mbele yao. Linawahusu kwanza wanafunzi wa mwaka wa sita. Kisha Mtihani wa Serikali, wengi wao wataanza kuondoka Bagira kila asubuhi kwenda kusoma UOB, UCB, ISP ao UEA kule Panzi. Huko kila mmoja atakuwa na simu yake, anwani yake ya barua-pepe, na atawekwa katika kikundi cha WhatsApp cha promosio. Lakini wadogo wa mwaka wa kwanza nao wasome, juu simu ya mama iko mikononi mwao kila jioni.

Juu ya nini tunasoma jambo hili? Kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni feza. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu Kongo mwaka 2012. Leo kuna na Airtel Money na Orange Money. Mwezi wa 2 mwaka 2025, vita ilipofika Bukavu, mabenki ya mji yalifunga milango, na jamaa nyingi zilibaki na simu tu kama sanduku la feza. Minerivali, dawa, bei ya kodi ya nyumba, vyote vilipitia simu. Basi anayeiba simu ya mama haibi simu tu, anaweza kuiba mwaka mzima wa masomo ya mtoto.

Sababu ya pili ni kazi za masomo zenyewe. Mwanafunzi wa univerisite anaandika kazi yake ya mwisho miezi mingi, na kazi hiyo yote inakaa ndani ya kitu kidogo kama kidole. Kikipotea, miezi ile imepotea.

1. MANENO TUTAKAYOTUMIA

Neno la siri: ni lile tunaloita kwa kawaida "mot de passe". Linafungua barua-pepe, Facebook na kompyuta.

Namba ya siri: tarakimu 4 ao 6 zinazofungua simu ao feza iliyo katika simu.

Kode ya uhakikisho: tarakimu 6 ambazo WhatsApp ao kampuni nyingine inakutumia kwa SMS, mara moja tu, kusudi ijue kama namba ya simu ni yako kweli.

Virusi: programu mbaya inayojificha ndani ya kompyuta ao simu, inaharibu kazi ao inaiba siri.

Mtego: habari ya uongo iliyotengenezwa kusudi wewe mwenyewe utoe ufunguo wako.

Angalieni neno la mwisho. Ndilo kiini cha somo hili.

2. MAMBO HAYA YALIANZIA UNIVERISITE

Wengine wanafikiri kwamba wevi wa intaneti ni watu wa ajabu wa mbali. Historia inaonyesha kwamba mambo haya yalianza kati ya wanafunzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT kule Marekani, kompyuta moja kubwa ilitumiwa na watu wengi. Kusudi kila mmoja apate faili zake na saa zake tu, Fernando Corbató na wenzake waliweka maneno ya siri. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa doktora, Allan Scherr, aliona kwamba saa alizopewa hazitoshi. Akaiomba mashini ichapishe kwenye kartasi faili yenye maneno ya siri ya watu wote. Mashini ikachapisha. Scherr hakuvunja kitu. Aliomba, akapewa.

Tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Univerisite ya Cornell, aliachilia katika intaneti programu inayojizalisha yenyewe. Katika siku chache ilikuwa imekwisha kusumbua maelfu ya kompyuta, na intaneti ya wakati ule ilikuwa ndogo sana. Mahakama ya Marekani ilimhukumu.

Mwezi wa 5 mwaka 2000, kijana mmoja wa Manila, inchi ya Filipino, Onel de Guzman, alituma virusi iliyovaa nguo ya barua ya mapenzi. Kichwa cha barua kilisema kwa Kiingereza "Nakupenda". Mamilioni ya watu, hata katika ofisi kubwa za serikali, waliifungua. Alikuwa mwanafunzi wa kompyuta, na mbele ya hapo alikuwa ameleta kwa walimu wake mpango wa kazi ya mwisho juu ya kuiba maneno ya siri, nao wakaukataa. Filipino haikuwa na sheria ya kosa hilo wakati ule, kwa hiyo hakuhukumiwa. Sheria ilikuja mwezi uliofuata.

Tunajifunza nini hapo? Akili ya shule inaweza kufanya mambo mawili, kulinda ao kuharibu. Tena virusi ya mwaka 2000 haikupasua mlango wa mtu. Watu waliufungua wenyewe, kwa sababu kila mtu anafurahi kupendwa.

3. MWIVI HAVUNJI MLANGO, ANAOMBA UFUNGUO

Ni kweli, kuna wakati wevi wanaingia katika ghala kubwa yenyewe. Mwezi wa 10 mwaka 2020, kule Uganda, waliingia katika mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha feza ya simu na mabenki. Kazi za MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilisumbuka. Jambo kama hilo mwanafunzi wa Bagira hawezi kulizuia. Ni kazi ya wenye mitambo.

Lakini mara nyingi mwivi hana nguvu ya namna hiyo. Yeye ana simu moja na ulimi mtamu. Kwa hiyo anatumia vitu vine vilivyo ndani ya moyo wako:

a) Haraka. "Fanya sasa hivi, kisha dakika tano konti yako itafungwa."
b) Woga. "Ni mimi mkubwa wa ofisi. Jina lako iko mubaya huku."
c) Tamaa. "Umechaguliwa kati ya maelfu, umeshinda."
d) Huruma. "Mama, ni mimi mutoto wako. Simu yangu ilianguka mu maji, natumia ya rafiki. Niko ku hospitali, unitumie dola makumi tano."

Jifunzeni vitu hivyo vine kwa kichwa. Mitego inabadilika kila mwezi, majina ya programu yanabadilika, lakini haraka, woga, tamaa na huruma havibadiliki. Ukisikia kimoja kati yao pamoja na ombi la feza ao la kode, simama kwanza.

4. MITEGO MITANO INAYOMNGOJA MWANAFUNZI

Mtego wa kwanza: kode ya tarakimu sita.
Tuchukue mfano. Katika kikundi cha promosio kuna majina mia mbili. Usiku, namba ya rafiki inakuandikia: "Ndugu, nimetuma kode yangu ku simu yako kwa makosa, unipe iyo namba." Unaangalia, kweli SMS imefika na tarakimu sita. Ukweli ni huu: mwivi amekwisha kuchukua WhatsApp ya yule rafiki. Sasa ameandika namba yako katika simu yake, na WhatsApp imekutumia wewe kode ili ijue kama ni wewe. Ukimpa, WhatsApp yako inahamia kwake mara moja, na kwako inafungwa. Kisha dakika kumi anawaandikia wote mia mbili kwa jina lako. Kama wewe ni mkubwa wa promosio, anayekusanya feza ya silabusi, hatari ni kubwa zaidi, maana wenzako wamezoea kukutumia.

Kuna na namna nyingine. Mtu anakupigia, anasema ni wa kampuni ya simu, anakuomba ubonyeze nyota nyota ishirini na moja nyota (**21*) na namba fulani kisha yake. Hiyo ni amri ya kupeleka simu zako zote zinazopigwa kwenye namba yake. Kisha anaomba WhatsApp itoe kode kwa sauti, na sauti inamfikia yeye. Ukiwa na mashaka, bonyeza *#21# uone kama simu zako zinapelekwa pengine, na ##002# kusudi kuondoa yote.

Dawa: fungua WhatsApp, ingia "Paramètres", kisha "Compte", kisha "Vérification en deux étapes". Weka namba ya siri yako ya tarakimu sita. Hata mwivi akipata kode ya SMS, atakutana na mlango wa pili. Tena angalia pahali panapoitwa "Appareils connectés". Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe. Kazi hii yote ni ya dakika mbili, na haiombi feza.

Mtego wa pili: feza iliyotumwa kwa makosa.
SMS inasema umepokea franka 150 000. Kisha kidogo mtu analia ku simu: "Papa, nilikosea namba, ilikuwa feza ya mugonjwa, unirudishie tafazali." SMS ile aliiandika yeye mwenyewe. Hakuna kitu kilichoingia. Ukirudisha, unatoa feza yako.
Dawa: hapana kusoma SMS peke yake. Angalia wewe mwenyewe feza iliyo katika konti. Kama feza imeingia kweli, mwambie aende kwa kampuni, kampuni irudishe. Mtu wa kweli atakubali. Mwivi atakasirika.

Mtego wa tatu: masomo ya bure ngambo, na "items" za mtihani.
Finalisti anapata habari kwamba kuna bourse ya Canada ao ya Ubelgiji. Wanaomba kwanza dola 30 za dosie, kisha 50 za viza, kisha nyingine. Wengine wanauza katika WhatsApp maulizo ya Mtihani wa Serikali, wanasema yametoka Kinshasa.
Dawa: bourse ya kweli inatangazwa na ubalozi ao na univerisite yenyewe, na anwani yake unaweza kuitafuta wewe mwenyewe bila kufuata njia uliyotumiwa. Pale feza ya dosie inatumwa kwa namba ya simu ya mtu, simama. Juu ya maulizo ya mtihani, anayenunua ananunua uongo, na hawezi kulalamika, maana yeye naye ni mwenye kosa. Mwivi anapenda sana mtu asiyeweza kulalamika.

Mtego wa ine: feza inayozaa feza.
Kila mara jina ni jipya, lakini hesabu ni ya zamani. Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wengi waliweka feza yao katika Bindo Promotion, ikaanguka mwaka 1991. Tanzania, mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, na kati ya viongozi wake walikuwamo hata wachungaji. Leo hesabu ile ile inakuja katika Telegram na WhatsApp, na picha za magari.
Dawa: fanyeni hesabu. Kila mtu alete watu 5. Ngazi ya kwanza 5, ya pili 25, ya tatu 125. Ngazi ya 10 inaomba watu 9 765 625. Mji mzima wa Bukavu hautoshi. Wale wa chini, ndio wengi, lazima wapoteze.

Mtego wa tano: fleshi ya sekretaria.
Huu hauna ulimi, lakini unaumiza wanafunzi wengi. Unapeleka kazi yako kuchapishwa. Fleshi yako inaingia katika kompyuta ambamo fleshi za watu makumi mengi zimepita leo. Unarudi nyumbani, unakuta dosie zako zimegeuka "raccourci". Kazi yako haijafutwa, imefichwa, na ukibonyeza ile raccourci mara mbili, wewe mwenyewe unaamsha virusi katika kompyuta ya nyumbani.
Dawa: uwe na fleshi mbili. Moja ni ya kuchapisha tu, ndani yake kuna ile kazi ya leo peke yake, katika PDF. Nyingine haiingii katika kompyuta ya mgeni. Kazi ya mwisho iandikwe pahali patatu: katika kompyuta, katika fleshi ya nyumbani, na katika barua-pepe yako ao kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine. Juu ya nini mtaa mwingine? Sisi wa Bukavu tunajua moto unavyokula nyumba za mbao. Nakala tatu ndani ya nyumba moja, mbele ya moto, ni nakala moja.

5. HESABU YA NENO LA SIRI

Wanafunzi wa hesabu wafanye kazi hii kwa kalamu.

Namba ya siri ya tarakimu 4 inaweza kuandikwa namna 10 × 10 × 10 × 10, ni 10 000. Tuseme mwivi ameokota simu yako, na simu inamruhusu kujaribu mara 3. Bahati yake ni 3 juu ya 10 000. Ni ndogo sana.

Lakini tuseme umeweka mwaka wako wa kuzaliwa. Mwivi anaona sura yako katika picha, anajua wewe ni wa kati ya mwaka 2003 na 2008. Hiyo ni miaka 6. Sasa bahati yake ni 3 juu ya 6, ni nusu. Simu ni ile ile, namba ni ine vilevile, lakini ulinzi umeanguka. Wale wenye 1234 ao 0000 hatutawafanyia hesabu.

Sasa neno la siri la barua-pepe. Herufi 8 ndogo, kati ya 26, zinatoa namna 208 827 064 576. Mtu anaona ni nyingi. Lakini wevi walioiba orodha ya maneno ya siri wanaweza kuwa na mashini inayojaribu 1 000 000 000 kwa sekunde moja. Gawanyeni: sekunde 209. Hazifiki dakika ine.

Fanyeni hivi. Andika maneno 2 000 ya kawaida kwenye vipande vya kartasi, ya Kiswahili, Mashi, Kilega, Kihavu, Kifaransa, yaliyochanganyika. Toa 5 bila kuangalia. Namna zake ni karibu 2 000 × 2 000 × 2 000 × 2 000 × 2 000, ni 32 000 000 000 000 000. Mashini ile ile itatumia sekunde 32 000 000, ni zaidi ya mwaka mzima. Na kichwa chako kinaweza kukumbuka maneno matano kuliko alama za ajabu ajabu. Hapana kuchagua maneno wewe mwenyewe, wala mstari wa wimbo ao aya uliyoizoea, maana uliyoizoea wewe na wengine wameizoea.

Neno la barua-pepe lisitumiwe pengine popote. Barua-pepe ni mama wa funguo nyingine. Aliye nayo anaweza kuomba Facebook na nyingine zimtumie funguo mpya.

6. KUJUA NI KITU KIMOJA, KUTENDA NI KINGINE

Hapa tunafika pahali pagumu. Uliza mwanafunzi yeyote wa univerisite: "Ni vema kutoa namba ya siri?" Atajibu: "Hapana, haifae." Kisha angalia simu yake. Haina ufunguo. Namba ya feza inajulikana na ndugu wote wane. Juu ya nini?

Si ujinga. Ni maisha yetu. Umeme wa SNEL unakatika, basi simu inapelekwa kushaji kwa kibanda na inabaki kule saa tatu mikononi mwa mtu mwingine. Simu ni moja kwa jamaa nzima. Mamega ni ghali, basi unakopa simu ya rafiki, unafungua barua-pepe yako, unasahau kuifunga. Mama hajasoma, basi anamtajia wakala namba yake ya siri kwa sauti, mbele ya watu wanaongojea. Mashauri yaliyoandikwa kwa mtu mwenye simu tatu na umeme siku nzima hayatusaidii. Tunahitaji mashauri ya Bagira. Haya ndiyo:

- Mbele ya kuacha simu kushaji, izime. Tena weka namba ya siri ya SIM kadi yenyewe, kusudi hata wakiitia katika simu nyingine isifunguke. Lakini angalieni: ukikosea mara 3 SIM inafungwa, na itaomba kode ya PUK. Basi tunza kile kipande cha plastiki SIM ilimotoka.
- Bonyeza *#06#, andika namba ya simu inayoonekana katika kaye yako nyumbani. Ukiibiwa, ndiyo alama ya simu yako.
- Simu inaweza kuwa ya wote, lakini namba ya feza ni ya mtu mmoja.
- Ukitumia simu ao kompyuta ya mwingine, toka kabisa katika konti mbele ya kuirudisha.
- Mfundishe mama kubonyeza namba yake mwenyewe kwa wakala. Kama hajui kusoma, vidole vyake vinaweza kujifunza pahali pa tarakimu. Mfundishe na jibu moja tu: "Namba yangu siambii mutu, hata wewe mutoto wangu."
- Jamaa ichague ulizo moja ambalo wageni hawajui jibu lake. Kwa mfano, bibi alikuwa anaita nani kwa jina la mbuzi? Siku hizi mashini inaweza kuiga sauti ya mtu. Kwa hiyo sauti peke yake haitoshi tena. Mtoto akilia ku simu kwamba yuko hospitali, mama aulize lile ulizo kwanza, ao akate, apige namba anayoijua.

7. KAMA UMEKWISHA KUIBIWA

Kwanza, hapana kujificha. Aibu ni rafiki wa mwivi. Anayeibiwa na kunyamaza anawaacha wenzake mia mbili katika njia ile ile. Kwa hiyo promosio isimcheke aliyeanguka. Ikimcheka, wa kesho atanyamaza.

Pili, kama ni feza, piga mara moja kwa kampuni ya simu ao nenda kwa ofisi yao, na namba iliyopokea na saa. Feza ambayo mwivi hajaitoa bado inaweza kuzuiliwa.

Tatu, kama ni WhatsApp, waambie watu kwa simu na kwa SMS. Kisha fungua tena WhatsApp na namba yako, ingiza kode mpya utakayotumiwa. Mwivi anatupwa nje. Kama ameweka namba ya siri yake ya pili, utangoja siku 7, lakini yeye naye hatakuwa ndani.

Ine, tunza ushahidi: SMS, namba, picha ya maandiko. Hapana kufuta kwa hasira.

8. SHERIA INASEMA NINI

Inchi yetu ina Kode ya Namba, kwa Kifaransa "Code du numérique", ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023. Mbele yake kulikuwa sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020 juu ya mawasiliano. Kode ya 2023 inasema juu ya makosa ya intaneti na juu ya ulinzi wa habari za mtu binafsi. Maana yake, kuingia katika konti ya mwingine bila ruhusa si mchezo wa vijana tena, ni kosa mbele ya mahakama. Mwanafunzi anayefungua Facebook ya mwenzake "kwa kucheka tu", na anayesambaza picha zake, ajue hilo.

Na inchi zinaanza kusaidiana. Mwezi wa 9 na wa 10 mwaka 2024, INTERPOL na inchi 19 za Afrika, Kongo yetu ikiwa kati yao, zilifanya kazi iliyoitwa Serengeti. Watu 1 006 walikamatwa. Lakini polisi anakuja kisha mambo. Ulinzi wa mbele ni wa kwako.

9. KAZI NA MAULIZO

Kazi ya klasi: wanafunzi watatu watatu. Mmoja ni mwivi, anajaribu kupata kode kwa haraka, woga, tamaa ao huruma. Wa pili anajibu. Wa tatu anaandika ni kitu gani kati ya vile vine kilitumiwa. Kisha mnabadilishana. Mtu aliyemsikia mwivi mara moja katika mchezo atamtambua siku ya kweli.

Maulizo:
1. Eleza juu ya nini WhatsApp inakutumia kode wewe, wakati ni mwivi anayeomba.
2. Namba ya siri ya tarakimu 6 ina namna ngapi? Na kama mtu ameweka tarehe yake ya kuzaliwa, mwaka unajulikana, zinabaki ngapi?
3. Tafuta tofauti kati ya Bindo Promotion na likelemba ya mama zetu. Katika likelemba, kila mtu anajua nini ambacho katika Bindo hakukijua?
4. Finalisti amepata SMS ya bourse. Andika mambo matatu atakayofanya mbele ya kujibu.
5. Katika nyumba yenu nani anajua namba ya feza? Hapana kuandika jibu hili. Nenda ulizungumze nyumbani.

Kila finalisti afundishe watu watatu mbele ya mwisho wa mwezi: mmoja wa klasi ya chini, mmoja wa nyumbani, na mmoja wa sokoni. Yule wa sokoni ndiye tunamtaka zaidi, maana ndiye anayelipa minerivali.